Maswali na Majibu: Hesabu pakiti kwanza, gigabiti baadaye

Safu hii hujibu wanaoendesha seva za Linux za kupitisha pakiti (vifungu vya data vya mtandao) kwa kasi. Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza, Korogwe na Pangani, na moja Bagamoyo. Zile zinazosema tu "spidi ni ndogo, fundi, nifanyeje?" nimeziweka kando. Anayetaka kujibiwa alete aina ya kadi ya mtandao, toleo la kerneli (moyo wa Linux), ukubwa wa pakiti anazopitisha, na matokeo ya ethtool -S (amri inayoonyesha kaunta za kadi) aliyoyachukua mara mbili kwa kupishana dakika moja. Kaunta iliyosomwa mara moja haisemi kitu, kwa sababu hujui kama namba hiyo ni ya leo au ya mwezi uliopita.

*Kadi yangu ni ya gigabiti 10. Nikipima kwa iperf napata 9.4, kwa hiyo kadi ni nzima. Mbona programu yangu ya DPDK inadondosha pakiti trafiki ikifika gigabiti 3 tu? (Chumbageni)*

Umepima kitu kingine, ndugu yangu. (Kwa wasioijua, DPDK ni maktaba inayoiwezesha programu kuchukua pakiti moja kwa moja kwenye kadi bila kupitia kerneli.) iperf, kipimo cha kasi ya mtandao, inajaza pakiti za baiti 1,500. Kwa ukubwa huo, waya wa gigabiti 10 ukijaa unabeba fremu kama 812,000 kwa sekunde, na kila moja ina zaidi ya nanosekunde 1,200 za kushughulikiwa. Prosesa yoyote ya kisasa inaziweza.

Sasa chukua fremu ndogo kabisa ya Etherneti, baiti 64. Ongeza baiti 20 za utangulizi na za nafasi kati ya fremu na fremu. Programu haizioni baiti hizo, lakini waya unazibeba. Jumla ni 84, na waya uleule sasa unapitisha pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, yaani nanosekunde 67.2 kwa kila moja. Prosesa ya gigahezi 3 ina mapigo kama 200 tu kwa muda huo. Kwenda RAM mara moja, pale data isipokuwamo kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), huchukua nanosekunde 80 hadi 100, kwa hiyo kukosa kache mara moja kwa kila pakiti kumeshakula muda wote na kubakiza deni. Gigabiti 3 za pakiti ndogo ni zaidi ya pakiti milioni 4 kwa sekunde. Hapo ndipo ulipokwama, na iperf haiwezi kukuonyesha.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, soma kaunta tatu za DPDK. Ikipanda *imissed*, pakiti ilifika salama ila kori yako (kitengo kimoja cha prosesa) ilichelewa kuja kuichukua na foleni ikajaa. Ikipanda *ierrors*, fremu imefika ikiwa na kasoro, na hapo anza na waya na moduli kabla ya kugusa programu. Ikipanda *rx_nombuf*, hakuna bafa (nafasi ya kumbukumbu) tupu ya kupokelea.

Hiyo ya tatu ndiyo inayopoteza watu. Wanakimbilia kuongeza idadi ya bafa, wakati mara nyingi bafa zinavuja. Ukiipa rte_eth_tx_burst, kazi ya kutuma, pakiti 32, inaweza kuchukua 20 na kukuachia 12. Hizo 12 bado ni zako: zijaribu tena, au uziachie kwa rte_pktmbuf_free. Wengi hawasomi hata namba ambayo kazi hiyo inarudisha. Dalili yake ni programu kwenda vizuri saa kadhaa, halafu kuacha kupokea kabisa, na ukiiwasha upya inapona. Kuongeza bafa kutageuza saa nne kuwa saa nane, basi.

Kama ni imissed, toa printf zote kwenye njia ya pakiti. Toa kufuli. Kila kori iwe na kaunta zake, na kila seti ya kaunta ikae kwenye mstari wake wa kache wa baiti 64, la sivyo kori mbili zitanyang'anyana mstari mmoja ingawa kila moja inaandika namba yake. Pokea pakiti kwa mafungu ya 32, usichukue moja moja. Kisha hakikisha kori unayotumia iko upande mmoja na kadi: soma /sys/class/net/eth0/device/numa_node kabla hujaikabidhi kadi kwa DPDK. Kadi ikiwa kwenye soketi 0 na programu kwenye soketi 1, kila pakiti inavuka daraja kati ya prosesa mbili.

*Nikiwasha programu, top inaonyesha kori mbili ziko asilimia 100 hata usiku ambapo hakuna trafiki. Ni virusi? (Ngamiani)*

Hapana. DPDK haisubiri kuitwa na kadi, huiuliza kila wakati kama kuna pakiti, ipo au haipo. Asilimia 100 hapo haikuambii umefanya kazi kiasi gani; hesabu ni mara ngapi rx_burst (kazi ya kupokea) imerudisha sifuri. Lakini kwa joto letu la pwani ongeza jambo moja: kori isiyopumzika haipoi, na prosesa ikizidi joto hujipunguzia mwendo yenyewe bila kukuaga. Angalia gigahezi halisi kwa turbostat saa nane mchana, usiangalie asubuhi. Chumba cha seva kisicho na kiyoyozi kitakudondoshea pakiti hata msimbo ukiwa safi.

*Tunauza intaneti kwa wateja wa PPPoE. Seva ina kori 8 na kadi ina foleni 8, lakini kori moja inaungua na saba zimelala. Nimebadilisha kila kitu kwenye RSS, hakuna kinachosogea. (Muheza)*

Hili ni swali zuri, na jibu lake halipo kwenye mipangilio uliyokuwa ukiigusa. RSS, kipengele cha kadi, hugawa pakiti kwa kusoma anwani za IP na namba za poti, kukokotoa heshi (namba inayotokana nazo), kisha kuchagua foleni. PPPoE, itifaki ya kumwunganisha mteja na mtandao, inaingiza baiti 8 kati ya kichwa cha Etherneti na kichwa cha IP, na aina ya fremu inakuwa 0x8864. Kadi isiyoifahamu aina hiyo haifiki kwenye IP. Haikokotoi heshi, na kila kitu kinamwagwa kwenye foleni namba 0. Thibitisha kwa ethtool -S: kaunta ya foleni 0 itakuwa inakimbia peke yake. Utaona pia kwamba trafiki inayotoka upande wa intaneti inagawanyika vizuri, kwa sababu inaingia kama IP tupu. Kinachokwama ni kile kinachotoka kwa wateja.

Ukiwa kwenye kerneli ya kawaida ya Linux, washa RPS, mgawanyo kama huo unaofanywa na kerneli, kwenye kadi ya upande wa wateja:

echo fe > /sys/class/net/eth1/queues/rx-0/rps_cpus

fe ni kori zote 8 isipokuwa ya kwanza. Kerneli inajua kusoma ndani ya PPPoE, kwa hiyo itagawa yenyewe baada ya kupokea. Kori ya kwanza bado itabeba mapokezi yote, basi usiipe kazi nyingine. Ukiwa kwenye DPDK, fanya vivyo hivyo kwa mkono: kori moja ipokee, iruke kichwa cha PPPoE, ikokotoe heshi na kuzipelekea kori nyingine kupitia rte_ring, foleni ya DPDK ya kati ya kori. Njia ya tatu ni kadi yenyewe ifundishwe. Kadi za Intel za familia ya 700 na 800 hupokea kifurushi cha DDP kinachowezesha kusoma PPPoE. Kama mnapanga kununua kadi, ulizeni hilo kabla ya kuuliza bei.

Hukuuliza, lakini nakuonya. Kama seva hiyohiyo inafanya NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje), pakiti za kwenda na za kurudi za muunganisho mmoja zinapaswa kuangukia kori moja. Ufunguo wa kawaida wa RSS hauhakikishi hivyo. Watu hutumia ufunguo wa 0x6d5a uliorudiwarudiwa mpaka ujaze baiti 40, nao hutoa heshi ileile pande zote mbili. Lakini NAT ikibadilisha anwani katikati, heshi ya upande wa pili inabadilika, na ufunguo huo peke yake hautakuokoa: itabidi uchague poti ya nje ambayo jibu lake litarudi kwenye kori husika. Vipande vya IP navyo vina shida yake, kwa kuwa kipande cha kwanza tu ndicho chenye namba za poti. Kwa hiyo punguza MSS (data ya TCP ya juu kabisa kwa pakiti) iwe 1452, maana PPPoE inakuachia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1492, na vipande vya TCP vitapungua sana.

*Niongeze ring iwe 4096 kama wanavyoshauri mtandaoni? (Raskazone)*

Wanashauri bila kujua tatizo lako. Ring ndiyo foleni ya kadi. Ya 4096 yenye bafa za kilobaiti 2 inazungusha megabaiti 8 kwa kila foleni. Kache haitoshi, na pakiti zinaanza kusomwa kutoka RAM. Foleni ndefu inasaidia mlipuko wa muda mfupi tu. Kori iliyozidiwa kila wakati itazijaza 4096 kama ilivyozijaza 512, na wateja watapata ucheleweshaji juu ya hasara. Anza na 1024, pima, ndipo usogee.

*Nimehamisha programu yetu kutoka DPDK 19.11 kwenda 23.11. Haijengeki, makosa ni mamia. Tena binari iliyojengwa kwenye seva mpya inakufa kwenye seva ya zamani kwa "Illegal instruction". (Bagamoyo)*

Umeruka miaka minne kwa siku moja, dada yangu. Katika kipindi hicho make, zana ya kujengea, iliondolewa (20.11) na sasa ni meson na ninja. igb_uio, draiva ya kuikabidhi kadi kwa DPDK, ilitolewa kwenye hazina kuu, tumia vfio-pci. Chaguo la -w la kutaja kadi likawa -a. Katika 21.11 majina mengi yalibadilishwa: ETH_MQ_RX_RSS ikawa RTE_ETH_MQ_RX_RSS, PKT_RX_RSS_HASH ikawa RTE_MBUF_F_RX_RSS_HASH. Na KNI, kama mliitumia kurudisha pakiti kwenye kerneli, imefutwa katika 23.11, badala yake ni virtio-user pamoja na vhost.

Rudi nyuma, panda ngazi moja moja: 20.11, 21.11, 22.11, kisha 23.11. Kila ngazi jenga, soma maonyo ya vitu vinavyokaribia kufutwa, rekebisha, pima kwa pakiti za baiti 64, ndipo uendelee. Makosa mia yaliyogawanywa mara nne yanashikika, na ukipungukiwa kasi utajua ni ngazi ipi iliyoileta. Toleo la Novemba ndilo linalotunzwa muda mrefu, na tangu 19.11 maktaba hubaki zinapatana mpaka Novemba inayofuata. Usijengee huduma ya wateja juu ya toleo la Machi au Julai.

Hiyo "Illegal instruction" ni nyingine kabisa. Meson isipoambiwa kitu hujenga kwa ajili ya prosesa iliyopo mbele yake, na prosesa ya zamani haina maagizo hayo. Jenga kwa -Dplatform=generic, kisha ujenge upya na programu yenyewe, maana hupokea alama za prosesa kupitia pkg-config. Kasi itapungua kidogo. Kama hutaki ipungue, jenga kwenye seva ya zamani zaidi kati ya zote. Na ziandikeni pamoja sehemu moja: toleo la DPDK, la kerneli na la famwea ya kadi. Kubadilisha viwili kati ya hivyo kwa usiku mmoja ni kujinyima njia ya kujua kipi kimevunjika.

*Umeme ukikatika na kurudi, programu inagoma kwa kukosa hugepages. Nikiandika amri upya mara nyingine zinapatikana chache kuliko nilizoomba. (Korogwe)*

Hugepages ni kurasa kubwa za RAM ambazo DPDK hutengewa, na amri ya echo haikai baada ya kuzima. Tena RAM ikishatumika kwa muda inavunjikavunjika, na kerneli haipati vipande virefu vilivyoungana. Omba mashine inapowaka, kwenye mstari wa GRUB (programu inayowasha mfumo): default_hugepagesz=1G hugepagesz=1G hugepages=8. Endesha update-grub, washa upya, hakiki kwa grep Huge /proc/meminfo. Kwenye mashine ya soketi mbili hizo 8 hugawanywa 4 kwa 4, kwa hiyo programu inayohitaji 6 upande mmoja itagoma ingawa jumla inatosha.

*rx_crc_errors inapanda polepole kila siku. Nibadilishe draiva? (Pangani)*

Hizo ni fremu zilizoharibika njiani. Usiguse draiva. Safisha ncha za faiba kwa kalamu yake, wala usitumie shati, na chomoa moduli uangalie kutu. Hewa ya chumvi haina huruma na pini. Soma nguvu ya mwanga kwa ethtool -m. Kwa moduli ya 10GBASE-LR kiwango cha chini cha kupokea ni −14.4 dBm, ukiwa −13 tayari uko ukingoni.

*DPDK au XDP? (Tanga mjini)*

Kiungo chako ni gigabiti 1? Basi hata mafuriko ya pakiti ndogo hayazidi milioni 1.49 kwa sekunde, na kerneli yenye foleni kadhaa zilizogawanywa vizuri inatosha. Ukihitaji zaidi, anza na XDP, njia ya kushughulikia pakiti mapema kabla hazijapanda kwenye kerneli. Imo ndani ya Linux tangu 4.8, kadi inabaki mikononi mwa kerneli, na zana zako zinaendelea kufanya kazi, isipokuwa tcpdump haitaziona pakiti ambazo XDP imezitupa. Waandishi wake walipima hadi pakiti milioni 24 kwa sekunde kwa kori moja. DPDK ni kwa aliye tayari kuandika ARP, njia na takwimu zake mwenyewe.

*vfio-pci inakataa kuishika kadi. (Tanga mjini)*

Washa VT-d kwenye BIOS, ongeza intel_iommu=on iommu=pt kwenye GRUB. Kama kadi ni ya Mellanox inayotumia mlx5, iache kwenye draiva yake, DPDK inafanya nayo kazi hapohapo. Na kabla ya kubonyeza Enter hakikisha kadi hiyo siyo unayoingilia kwa SSH: ikishikwa na vfio-pci, kerneli haiioni tena, na kama seva iko Dar es Salaam na wewe uko Tanga, kinachokusubiri ni basi la alfajiri.