Vumbi la nyasi halianzii kwenye sanduku

Wewe unayeanza kazi ya kufunga marobota ya nyasi kavu, ya kukanyaga ndani ya sanduku la mbao na kufunga kamba, huku kwetu Mwanza, iwe Misungwi, Magu au Kwimba, utaambiwa mapema kwamba vumbi ni sehemu ya kazi, uvumilie. Usikubali haraka hivyo. Vumbi kidogo halikosekani, lakini lile la kukukohoza usiku kucha mara nyingi limetengenezwa siku kadhaa nyuma, na aliyekata na aliyekusanya. Kwa hiyo kabla hujagusa kamba, chota nyasi mkono mmoja, zikung'ute juu ya kiganja cha pili, kisha tazama kilichobaki. Kikiwa chembe nyeusi au za kahawia, huo ni udongo. Kikiwa vipande vya majani ya kijani ila vikavu kabisa, nyasi zimepitiliza jua. Kikiwa unga wa kijivu wenye harufu ya uvundo, hiyo ni kuvu, na hapo usiendelee kuzikung'uta karibu na uso.

Udongo unaletwa na reki. Meno yake yachane mabua tu, yasikwaruze ardhi. Ukigeuka nyuma ukaona mistari kwenye mchanga, ujue umeshauweka ndani ya robota. Dawa yake iko kwenye kukata: acha visiki vya sentimita 10 hivi, nyasi zilale juu yake. Zitakauka vizuri kwa kuwa hewa inapita chini, na reki haitakuwa na sababu ya kushuka. Mabua ya mpunga ni kesi nyingine. Shina limesimama kwenye tope la jaruba miezi yote ile, na tope likikauka halibanduki mpaka siku unapolikanyaga sandukuni. Aliyevuna kwa kukata juu anakuletea mali. Aliyekata chini kabisa anakuletea jaruba lenyewe, tena anataka bei ileile. Nyasi za kando ya barabara ya vumbi mimi sizifungi, hata zikiwa za bure.

Unyevu ndio wenye hesabu ngumu. Robota dogo la mkono linataka nyasi zenye unyevu wa asilimia 15 hadi 18. Zikishuka chini ya 12, majani yanapukutika na chakula chote cha ng'ombe kinabaki chini, wewe unafunga vijiti. Zikizidi 20, robota linapata joto ndani na kuota kuvu, na vumbi lake utalikuta miezi miwili baadaye stoo. Kipimo cha bei nafuu ni chumvi. Katakata nyasi kidogo, tia kwenye chupa ya kioo iliyo kavu yenye mfuniko, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chumvi, tikisa dakika 2 au 3. Chumvi ikishikamana au ikinata kwenye kioo, bado. Ikibaki inamwagika, unyevu umeshuka chini ya 15, fungeni leo, kabla haujafika 12. Ila chumvi ya huku ziwani huwa na unyevu wake yenyewe, kwa hiyo ikaange kwanza kwenye kikaango ikauke, iache ipoe, la sivyo itakudanganya.

Saa nzuri ni asubuhi, umande ukishakauka juu lakini majani bado yananyumbulika. Mchana wa Agosti yanavunjika ukiyagusa tu. Na asije mtu akakushawishi unyunyizie nyasi maji ili kutuliza vumbi. Maji mwaga chini, pale sanduku linapokaa, kisha tandika turubai. Kwenye nyasi, maji yanaruhusiwa siku ya kulisha tu, muda mfupi kabla ng'ombe hawajala.

Sanduku la mbao la kawaida lina urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Lisiwekwe zizini, maana mavi makavu yaliyosagwa na kwato ni vumbi baya kuliko udongo. Lisimame mahali pa wazi, nawe upepo ukupige mgongoni. Hapa wageni wengi wanakosea, kwa sababu karibu na ziwa upepo haukai upande mmoja. Asubuhi na mapema unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda unageuka, unatoka ziwani. Kazi mliyoianza vizuri saa moja, saa tano inawarushia yote usoni. Upepo ukigeuka, simamisheni kazi, mhamie upande wa pili wa sanduku. Ni dakika chache, msimamizi akinung'unika mwache anung'unike.

Kanga au kitambaa puani kinazuia makapi makubwa. Chembe za kuvu ni ndogo mno, zinapenya. Tafuta barakoa ya N95, ibane vizuri kwenye pua, na ukiweza vaa miwani. Nasisitiza hili kwa sababu kuna ugonjwa unaoitwa mapafu ya mkulima, unaotokana na kuvuta vumbi la nyasi zilizoota kuvu. Haukushiki palepale. Unakuja saa 4 hadi 8 baadaye: homa, baridi, kikohozi kikavu, pumzi fupi. Huku kwetu mtu akipata homa jioni kila mmoja anasema malaria. Kapime, ndiyo, lakini kipimo kikionyesha huna, na homa inarudi kila siku unapofungua nyasi za zamani, mweleze daktari kazi unayofanya. Ukiendelea miaka, mapafu yanaweza kupata makovu yasiyopona.

Mwenye pumu asikae kwenye sanduku wala kwenye kufungua marobota yaliyovunda. Apewe kukata kamba za katani kwa vipimo, akae mbali upande unakotoka upepo, na alipwe sawa na wengine.