Gari la familia kwa baridi ya Minnesota

Ndugu yangu, nimeelewa kwamba mmehamia Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, na watoto watatu wadogo, hamjawahi kuendesha gari kwenye theluji, na mnasita kati ya Toyota Sienna iliyotumika, yenye safu tatu za viti, na Subaru Outback, yenye safu mbili.

Kwa watoto watatu ningechagua Sienna, kwa sababu viti vitatu vya watoto hubanana sana kwenye kiti cha nyuma cha Outback. Tafuteni ya mwaka 2021 au baadaye inayoendeshwa na magurudumu yote manne, maana si zote zilizo hivyo. Hata hivyo, mfumo huo husaidia gari kuondoka na kupanda mlima, wala haufupishi umbali wa kusimama. Juu ya barafu mnategemea matairi, kwa hiyo tengeni kwanza fedha za matairi manne ya majira ya baridi, ambayo mpira wake hubaki laini joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ilhali ule wa matairi ya kiangazi hukakamaa. Mimi nilipuuza hilo mwaka wangu wa kwanza, nikateleza hadi katikati ya njia panda taa ikiwa nyekundu, watoto wakiwa nyuma.

Kabla ya kulipa, mwombeni fundi asiyehusiana na muuzaji alinyanyue gari, akague kutu inayoletwa na chumvi ya barabarani kwenye chasisi na mabomba ya breki, kisha apime betri. Na mkikwama, ondoeni theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, kwani gesi yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa wamekaa ndani.