Simu ya muziki ilinipa kazi, kamera yake ikaniaibisha

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Kahama. Kaandika hivi: "Shikamoo kaka. Nina laki moja na nusu. Nataka simu ya muziki yenye kamera, nianze kupiga muziki kwenye sendofu na picha nipige mwenyewe hapohapo. Nimeiona Nokia 5310 mpya, niichukue?"

Nimeusoma mara tatu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2009, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na jina hilo hilo la simu mdomoni. Kwa hiyo mdogo wangu, na nyie wote mnaotaka kuishi kwa muziki wa shughuli kama ninavyoishi mimi, kaeni niwasimulie. Nimechelewa kuliandika hili kwa sababu bado linaniuma.

5310 ya kwanza, ile ya XpressMusic, jina ambalo Nokia walizipa simu zao za muziki, ilitangazwa Agosti 2007. Mimi ilinifikia miaka miwili baadaye. Enzi hizo simu za muziki zilikuwa zinashindana kwelikweli. Sony Ericsson walishalichukua jina la Walkman, lile la kaseti za tangu 1979, wakalibandika kwenye W800 mwaka 2005, simu nyeupe yenye rangi ya chungwa. Kijana aliyepita nayo Ngamiani, kwetu Tanga, jioni, mtaa mzima ulimjua. Lakini Walkman zile zilikuwa na tundu lao la peke yao la earfoni. Ule waya wao wa kuunganishia ukipotea, huna muziki. 5310 ilikuwa na tundu la milimita 3.5 juu kichwani, lile lile la redio na kompyuta. Tundu hilo ndilo lililonilisha. Kamera haijawahi kunilisha hata siku moja.

Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, baada ya kuuza baiskeli na kukopa elfu ishirini kwa mama. Nyembamba, unene wake haufiki sentimita moja, uzito gramu 71, nyeusi yenye mikanda myekundu ubavuni. Kushoto mwa kioo kuna batani tatu za muziki: kurudisha, kupiga na kusimamisha, kupeleka mbele. Kwenye basi la kurudi Tanga nilisikiliza hadi Segera na chaji haikushuka hata mstari mmoja. Nilifika nyumbani nimeshajifunza kuzibonyeza batani zile kwa dole gumba bila kutazama.

Miezi ya mwanzo nilibeba spika za watu, tuipite hiyo. Jioni nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo, shilingi mia kwa wimbo, naijaza kadi ya GB 2 taratibu. Wimbo mmoja wa kawaida unakula kama MB 4, kwa hiyo kadi ile ilibeba nyimbo karibu mia tano. Nilizipanga kwenye mafaili kwa mtiririko wa shughuli: kuingia maharusi, keki, chakula, zawadi, kucheza. Wapiga muziki wakubwa wa mjini walikuwa wanakuja na mabegi ya CD, wanapekua huku MC anapayuka kwenye maiki. Mimi nilikuwa nabonyeza tu. Nasema kwa fahari na sitaficha: kwenye shughuli zangu hakuna ukimya uliozidi pumzi mbili.

Kosa la kwanza nililipata mapema. Nilikuwa nimeacha laini ndani ya simu. Katikati ya wimbo wa keki spika zikaanza ule mngurumo wao, trrr-tik-tik, trrr-tik-tik, wote mnaujua, halafu muziki ukakata na mlio wa simu ukajaa ukumbi mzima. Alikuwa mama, anauliza kama nitakula huko. Tangu siku hiyo, laini naitoa kabla sijachomeka jeki. Na sauti ya simu siipandishi mpaka mwisho. Naiacha kwenye robo tatu, kinachobaki nakiongeza kwenye mikisa, maana ukibana simu hadi mwisho spika zinakwaruza. Shikeni hayo mawili.

Sasa aibu yenyewe. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule familia moja iliniita kwa harusi ya binti yao. Muziki elfu arobaini. Wakaniuliza kama namjua mpiga picha. Mimi, na 5310 yangu ya megapikseli 2 mfukoni, nikasema: "Picha niachieni mimi, ongezeni elfu ishirini." Muuzaji wa Kariakoo alikuwa ameniambia kamera ile inatosha hata kwa studio, na nilikuwa nimepiga picha za wadogo zangu uani mchana, zikatoka safi. Nikajiona fundi wa vyote viwili.

Fikirieni meza yangu. Amplifaya kulia, mikisa katikati, na simu imelala juu ya kitambaa imefungwa kwa waya wa jeki wa mita moja. Mlango wa ukumbi uko mbali, kama hatua ishirini. Wimbo wa kuingia unapigwa. Vigelegele vinaanza. Bibi harusi anatokea mlangoni, mpambe kamshika mkono, na mimi ndipo nikaelewa kwamba kamera yangu ndiyo redio yangu. Nikiichomoa, ukumbi unakufa. Nikiiacha, picha hakuna. Nikaiinua hadi waya ulipokaza, nikabonyeza. Ilichukua migongo ya akina mama waliosimama.

Kwenye keki nikafanya kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka nahisi joto shingoni. Nilichomoa. Ukumbi wote ukanyamaza ghafla, watu wakageuka kutazama mezani, na mimi niko mbio kuelekea kwenye keki na simu mkononi. Kamera ile haikuwa na flashi. Taa za ukumbi zilikuwa zimepunguzwa kwa ajili ya mishumaa. Nilipiga picha sita nikarudi mbio kuchomeka.

Jumatatu nilizipeleka studio zikasafishwe. Fundi alizifungua kwenye kompyuta moja moja bila kusema neno. Giza, na ndani ya giza punjepunje za rangi kama mchanga uliomwagikiwa mafuta. Picha moja tu ilikuwa na kitu: mkono wa bibi harusi juu ya kisu cha keki, hina inaonekana vizuri kabisa kwa sababu mshumaa ulikuwa karibu. Uso wake haukuwamo hata kwenye moja.

Nilirudisha elfu ishirini. Shangazi wa bibi harusi aliipokea mbele ya watu barazani, akaihesabu, akasema: "Muziki wako tumeucheza, mwanangu. Lakini mtoto akizaliwa tutamwonyesha nini?" Sikuwa na jibu. Miaka imepita, watu wa nyumba ile nikikutana nao sokoni tunasalimiana vizuri, ila mimi ndiye ninayewahi kuaga.

Mngedhani nilijifunza. Nikaenda kununua simu ya pili iwe ya kamera, tena ya bei rahisi, yenye maandishi ya XpressMusic, laini mbili na mlio wa kutikisa dirisha. XpressMusic ya kweli niliyokuwa nayo ilikuwa ya laini moja, na bado sikushtuka. Duka lenyewe sitalitaja. Ilipiga picha kama inatazama kupitia chupa. Nikaivumilia miaka kadhaa, mpaka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Asubuhi yake haikushika mtandao tena. Ningebonyeza *#06# dukani, ikaja namba ya utambulisho wa simu (IMEI), nikaihakiki, ningejua mapema. Wenzetu wa Kenya walishazizima za kwao tangu 2012, na mimi nilizisikia habari hizo redioni nikazipuuza. Kupuuza ni ugonjwa, ndugu zangu. Tunasikia, tunatikisa kichwa, tunaenda kununua kile kile.

Kwa hiyo kijana wa Kahama, nisikilize kama kaka yako. 5310 unayoiona sasa ni ile iliyorudishwa mwaka 2020 na HMD Global, kampuni iliyopewa jina la Nokia kutengenezea simu. Ina spika mbili mbele, inapokea kadi hadi GB 32, redio inashika bila earfoni. Kwa muziki, nakubali. Kamera yake ni ya megapikseli 0.3. Soma tena: ile iliyoniaibisha ilikuwa na 2. Jina limerudi, kamera imepungua. Ukiinunua kwa ajili ya muziki umenunua vizuri. Ukiinunua kwa ajili ya picha za harusi ya mtoto wa mtu, utarudisha hela barazani kama mimi.

Na hata ukipata simu kubwa yenye kamera ya ajabu, tatizo la meza yangu liko pale pale. Simu iliyofungwa kwenye amplifaya haiwezi kwenda mlangoni kumpokea bibi harusi. Vijana mnapenda kuhesabu megapikseli, mnahesabu kamera za nyuma tatu, nne, na hamuulizi kama tundu la jeki lipo. Simu nyingi za sasa halipo kabisa. Utafika ukumbini na waya mkononi huna pa kuuchomeka. Tundu kwanza. Tundu, halafu chaji, halafu kadi. Kamera iulize mwisho, na kama shughuli inataka picha, mtafute mwenzako mwenye kamera mgawane hela. Usiwe na tamaa ya elfu ishirini. Mimi ilinigharimu heshima ya nyumba nzima.

Siku ya kununua, nenda na earfoni zako mwenyewe na kadi yenye nyimbo tatu unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Ingiza kadi, chomeka, sikiliza wimbo mmoja hadi mwisho huku unauchezesha waya pale kwenye tundu. Ukisikia upande mmoja unakata, rudisha. Bonyeza *#06#, linganisha namba na ile ya kwenye boksi. Muuzaji akikuambia hamna haja ya kuchomeka, mshukuru na utoke, nenda duka linalofuata.