Bia Mbili Tatu Hazimhamishi Mke Chumbani

*Shangazi, mimi ni baba wa miaka 44, mkazi wa Dar es Salaam. Mke wangu amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya bia mbili tatu ninazokunywa baada ya kazi. Siku hizi hata kopo la kahawa analificha, na nadhani mama yake ndiye anayemtia maneno. Ijumaa iliyopita nilikunywa kahawa chungu kwanza ndipo nikaendesha gari, nikafika salama ingawa njia siikumbuki vizuri. Usingizi sipati, naamka saa nane usiku moyo ukienda mbio, na kliniki waliniambia presha ni 150 kwa 95. Nifanye nini ili mke wangu aniheshimu?*

Pole kwa kukesha, mwanangu, kwani kukosa usingizi ni mateso. Lakini barua yako nimeisoma mara ya pili, na mtu niliyemwonea huruma zaidi ni huyo mama aliyelala na watoto huku akisikiliza kama geti litafunguliwa.

Mtu aliyekunywa bia mbili hasahau njia aliyopita. Chupa moja ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe, na ini la mtu mzima huhitaji saa mbili au zaidi kuimaliza. Kahawa haiharakishi kazi hiyo hata kwa dakika moja. Inachofanya ni kukuondolea usingizi, ukajiona u mzima, ilhali macho na mikono yako bado vimelewa. Kwa hiyo Ijumaa ile aliyeshika usukani alikuwa mlevi aliye macho, na waliokuwa barabarani usiku ule walinusurika kwa rehema ya Mungu.

Kahawa yenyewe siilaumu. Sisi wa pwani tumelelewa na kahawa ya buli na kashata, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, ambazo ni kama vikombe vinne vya kawaida. Hata hivyo, kafeini hukaa mwilini muda mrefu: ukinywa saa kumi jioni, karibu nusu yake huwa bado imo saa tatu au saa nne usiku. Wewe unaishindilia bia juu yake ili upate kulala, na pombe hukulaza upesi kweli, kisha inapoisha mwilini hukuamsha usiku wa manane, moyo ukidunda. Asubuhi unaamka umechoka, unaitafuta kahawa tena, na jioni unarudi baa. Mkeo ameliona duara hilo kabla yako, ndiyo maana akaficha kopo. Alikosea chombo tu, kwa kuwa chupa ndizo zilizostahili kufichwa.

Mama mkwe muache apumzike. Hata angekuwa bubu, harufu ya pombe kitandani inatosha kumwambia binti yake kila kitu. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: mume huita heshima kile ambacho kwa kweli ni ukimya wa mke, na mke akisema neno moja la kuokoa nyumba anatafutiwa mchochezi. Mwanamke aliyekukatia tamaa asingehangaika na kopo la kahawa. Angenyamaza na kupanga maisha yake.

Ficha maradhi, kifo kitakuumbua. Pombe hupandisha presha, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Kwa hiyo mkabidhi mkeo funguo za gari leo, umwombe radhi kwa Ijumaa ile bila kuongeza neno "lakini", kikombe chako cha mwisho cha kahawa kiwe kabla ya saa sita mchana, kisha rudini kliniki pamoja. Kama mikono yako hutetemeka asubuhi usipokunywa, usiache pombe ghafla ukiwa nyumbani, kwa maana mwili uliozoea unaweza kushikwa na degedege. Mtajie daktari idadi ya kweli ya chupa, mkeo akiwa ameketi kando yako, ili ukipunguza hesabu awepo wa kuisahihisha.