Maswali ya Wasomaji: Kivuli cha Moyale, Kivuli cha Mtwara

SWALI: Shule yetu iko Mtwara, na tuna shule rafiki Moyale, Kenya. Tunataka wanafunzi wa pande zote mbili wafanye utafiti wa anga kwa pamoja, lakini hatuna darubini. Tuanzie wapi?
Mwalimu wa fizikia, Mtwara

JIBU: Mwalimu, darubini hamuihitaji. Miji yenu iko karibu kwenye longitudo moja, na kutoka kaskazini hadi kusini imeachana takriban kilomita 1,525. Mnaweza kupima mzingo wa dunia kwa kivuli, kama alivyofanya mwanazuoni Mgiriki Eratosthenes huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Kila shule isimike ufito ulionyooka wa mita 1 juu ya ubao. Ubao upimwe kwa pimamaji, ufito kwa timazi. Ufito ukiinama nyuzi 1 tu kuelekea kaskazini au kusini, jibu litapotoka kwa zaidi ya kilomita 2,500.

Wengi huchagua 20 Machi au 23 Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Sisi tunawashauri 21 Juni. Siku za karibu na hiyo jua halisogei sana kaskazini wala kusini, hivyo Moyale ikifunikwa na mawingu, itapima kesho yake bila hasara. Pia vivuli vyote viwili huelekea kusini. Ncha ya kivuli haina ukingo mkali kwa kuwa jua ni duara pana, si nukta; vivuli vikielekea upande mmoja, kosa hilo hujifuta mnapotoa pembe ya kivuli kimoja kwenye pembe ya kingine. Machi na Septemba cha Moyale huenda kaskazini na cha Mtwara kusini, pembe hujumlishwa, na makosa nayo hujumlishwa. Likizo za nchi hizi hazilingani, kwa hiyo pangeni mapema nani atabaki shuleni.

Msipime saa 6:00 kamili! Siku hiyo jua hufika juu kabisa karibu saa 6:21 Mtwara na 6:26 Moyale. Wekeni alama ya ncha kila baada ya dakika 5, kuanzia saa 6:00 hadi 6:50, kisha chukueni kivuli kifupi kuliko vyote. Moyale watapata kama sentimita 36, ninyi 67. Gawanyeni kwa urefu wa ufito, mtafute pembe kwa tanjenti kinyume: nyuzi 19.9 na 33.7. Tofauti ni 13.8. Chukueni 360, nyuzi za duara zima, gawanya kwa 13.8, zidisha kwa 1,525: karibu kilomita 39,800. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni kama 40,000.

Umbali upimeni kwa rula kwenye ramani yenye skeli, kaskazini-kusini, wala si kwa barabara. Mkizidisha nyuzi za latitudo kwa kilomita 111 mtakuwa mmeingiza jibu ndani ya swali.

SWALI: Ninaongoza watalii Nanyuki. Je, ni kweli maji huzunguka kinyume ukivuka ikweta hatua chache?
Msomaji, Nanyuki

JIBU: Si kweli. Maji ya beseni hufuata yalivyomiminwa. Nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuyageuza. Waonyesheni wageni kivuli. Tarehe 20 Machi karibu saa 6:39, au 23 Septemba karibu saa 6:24, ufito wa mita 1 hapo kwenye ikweta hubaki na kivuli kisichofika sentimita 1. Ufito uwe mwembamba, la sivyo unene wake wenyewe utakificha.