Programu inasema nyotamkia ipo, mbona siioni?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Kuna nyotamkia ninayoifuatilia kwa programu ya simu. Imeandikwa kuwa ung'avu wake ni magnitudi 5 (kipimo ambacho namba ikiwa ndogo, kitu hung'aa zaidi), na nimewahi kusoma kwamba macho matupu huona hadi 6. Nimetoka nje siku tatu mfululizo, kuanzia saa nne usiku hadi saa sita, anga safi kabisa, na sijaona kitu. Programu inanidanganya? Nitajuaje siku, saa na upande wa kutazama?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Programu haikudanganyi, ila umeanza na ung'avu, na mimi ung'avu huuangalia mwisho. Anza kwa kuuliza nyotamkia iko mbali kiasi gani na Jua angani. Kwa kawaida hung'aa sana inapolikaribia Jua, na hapo hapo ndipo mwanga wa Jua unapoimeza.

Kumbuka nyotamkia Tsuchinshan–ATLAS ya mwaka 2024. Ilifikia kilele cha ung'avu kama tarehe 9 Oktoba, ikiwa karibu mno na Jua hata ikabidi itazamwe kwa kamera za chombo cha SOHO kilichoko angani. Siku chache baadaye, ikiwa imeshafifia, ndipo watu wakaiona kwa macho upande wa magharibi jioni, kila siku juu zaidi kidogo. Aliyefuata namba ya ung'avu peke yake alitoka siku isiyo yake. Nawe ukitoka saa nne, huenda nyotamkia yako imeshazama tangu saa mbili, au haichomozi mpaka alfajiri.

Kwa kazi hii mimi hutumia Horizons, mfumo wa maabara ya JPL ya NASA, ambao uko bure kwenye intaneti. Ingiza jina la nyotamkia pamoja na latitudo na longitudo ya ulipo, kisha omba jedwali lenye mstari kwa kila dakika 10. Chagua safu za azimuthi (upande, ukihesabu nyuzi kutoka kaskazini kupitia mashariki), kimo juu ya upeo wa macho, magnitudi, na pembe kati ya Jua na nyotamkia. Pembe hiyo huja na herufi. Ukiona /T, nyotamkia inalifuata Jua angani, itazame jioni. Ukiona /L, imelitangulia Jua, basi amka kabla ya mapambazuko. Herufi hiyo moja ingekuokolea siku zako tatu.

Pembeni mwa saa kuna alama nyingine ndogo. Kinyota ni mchana. C, N na A ni hatua za giza kuingia. Pakiwa patupu ni usiku kamili. Tafuta mstari wenye A au patupu ambapo kimo bado kimezidi nyuzi 10. Nyosha mkono mbele, ngumi yako ni kama nyuzi 10 hizo. Usipopata mstari kama huo, subiri wiki nyingine.

Angalia saa pia, maana huwaponza wengi. Usipobadili chochote, jedwali huandikwa kwa saa za UT, yaani saa za dunia zinazohesabiwa kutoka Greenwich. Kama saa zenu ziko mbele kwa saa tatu, 16:30 ya jedwali ni 19:30 kwenu, yaani saa moja na nusu usiku.

Sasa ndiyo tuje kwenye magnitudi. Namba 5 ni mwanga wote wa nyotamkia kana kwamba umekusanywa kwenye nukta moja kama nyota. Kumbe umetandazwa kwenye wingu linaloweza kufikia nusu ya upana wa Mwezi, hivyo kila sehemu yake ni hafifu. Mimi magnitudi 5 huichukulia kuwa ya darubini ya macho mawili, 10×50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za mbele za milimita 50) yatosha, tena mbali na taa na Mwezi usiwepo. Isitoshe, namba hiyo ni makadirio. Nyotamkia ISON ilisubiriwa kwa hamu kubwa mwaka 2013, ikasambaratika ilipolipita Jua tarehe 28 Novemba. Linganisha na hifadhi ya COBS, ambako watazamaji huandika walichokiona kweli.

Jambo jingine ni latitudo yako. Toa tofauti kati ya latitudo na deklinesheni ya nyotamkia (nyuzi zake kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga) kutoka 90, upate kimo chake cha juu kabisa; kwa zote mbili kaskazini ni + na kusini ni −. Ukiwa nyuzi 5 kusini na nyotamkia iko +60, haitapanda zaidi ya nyuzi 25. Aliye nyuzi 50 kusini haioni kabisa, hata awe na darubini ya namna gani.

Ukishaupata mstari wako, fika mahali pa kutazamia mapema, zima simu, yape macho dakika 20 za giza. Pitisha darubini polepole kandokando ya azimuthi uliyoiandika, ukitafuta doa la ukungu na si nyota yenye mkia mrefu kama ya pichani. Ukishahisi kuna kitu, usikikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, nacho kitajitokeza.