Padre, nimefukia sanamu ya Mtakatifu Yosefu ili nyumba iuzike. Je, nimekosa?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mjane, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nyumba aliyotuachia marehemu mume wangu naitangaza tangu mwaka jana, maana nataka kurudi Mpwapwa kumtunza mama yangu mzazi na kulipa ada za watoto wadogo. Madalali wanaleta watu, watu wanazunguka vyumba, wanasifu, wanaondoka, hawarudi. Mwenzangu wa jumuiya ana dada yake Marekani, akaniambia kule Wakatoliki wakitaka kuuza nyumba wanafukia sanamu ya Mtakatifu Yosefu uani, kichwa chini miguu juu, wanasali novena, yaani sala ya siku tisa, na mteja anapatikana upesi. Nimefanya hivyo karibu na geti. Jirani yeye anasema tatizo ni fingo, yaani dawa ya kienyeji iliyofukiwa ardhini na aliyetuuzia kiwanja, na anataka nimlete mtaalamu alitoe. Mwanangu mkubwa, ambaye bado hajaridhia nyumba iuzwe, anasema yote mawili ni uganga tu. Je, nimetenda dhambi? Sanamu niiache au niitoe? Na hilo fingo nifanyeje?

JIBU

Milele, amina. Mama, pole kwa msiba na kwa mzigo wa kulea peke yako. Nianze na lile unaloweza kulifanya leo kabla jua halijazama: nenda getini, ifukue sanamu, ioshe, iingize ndani, iweke mahali panapostahili. Usiogope kwamba ukiitoa kabla ya siku tisa kuisha utaharibu kitu. Hakuna cha kuharibika. Hofu hiyo yenyewe, kama umeihisi, ndiyo dalili kwamba jambo hili lilikwisha kutoka kwenye sala na kuingia kwenye ushirikina.

Kuhusu dhambi. Kanisa linafundisha kwamba dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vizuri ubaya wake, na aridhie kwa hiari kamili. Wewe uliambiwa na mtu unayesali naye kila wiki kwamba hii ni desturi ya Wakatoliki, ukaamini, ukafanya huku ukisali. Sioni hapo moyo uliompa Mungu kisogo. Ukienda kuungama, litaje kwa sentensi moja, kisha uliache huko huko. Lakini kutokuwa na hatia kubwa hakulifanyi tendo lenyewe kuwa zuri, na nataka uelewe kwa nini, maana wengi hapa mjini watakuja kukuuliza.

Aliyekuambia hakukudanganya kuhusu Marekani. Desturi hiyo ipo huko, na sanamu ndogo za plastiki zinauzwa madukani zikiwa kwenye boksi pamoja na karatasi ya maelekezo: ifukiwe wapi, itazame wapi, ifukuliwe lini. Wanaoitetea hutaja watakatifu. Husema Mtakatifu Teresa wa Avila alifukia medali za Mtakatifu Yosefu alipotafuta mahali pa kujenga monasteri. Husimulia pia habari za Ndugu André Bessette wa Montreal, Kanada, kwamba aliacha medali ya Yosefu kwenye mlima Mount Royal wakati shirika lake likitamani kiwanja kile.

Tuwatazame hao watakatifu wenyewe. Teresa alianzisha monasteri yake ya kwanza Avila mwaka 1562, akaiita kwa jina la Mtakatifu Yosefu, na katika maandishi ya maisha yake anasema hakumbuki kumwomba Yosefu jambo lolote akanyimwa. Lakini mwanamke huyo huyo aliandika kurasa nyingi kufundisha kwamba kusali ni kuongea kirafiki na yule tunayejua kwamba anatupenda. André alikuwa bawabu wa shule kwa miaka mingi, mtu wa elimu ndogo sana, aliyepokea wagonjwa mlangoni na kuwaombea. Shirika lake lilinunua kiwanja kile mwaka 1896, na kikanisa kidogo cha kwanza kikafunguliwa mwaka 1904. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2010. Hata tukikubali simulizi la medali, mtu aliyeweka medali mlimani akiwa amepiga magoti hakuwa anamwadhibu Yosefu. Alikuwa anamkabidhi shamba. Kumgeuza mtakatifu kichwa chini, na wengine huongeza vitisho kwamba hatatolewa mpaka nyumba iuzwe, ni jambo jingine kabisa. Huko ni kumfunga mateka.

Fikiri, mama, huyu unayemfukia ni nani. Ni baba aliyempokea Mwana wa Mungu nyumbani kwake. Katika Injili hatamki neno hata moja. Anaambiwa ndotoni, anaamka, anatenda. Usiku mmoja aliambiwa akimbilie Misri, akamchukua mtoto na mama yake usiku ule ule. Papa Pio wa Tisa alimtangaza msimamizi wa Kanisa lote tarehe 8 Desemba 1870. Anajua maana ya kuhama, anajua maana ya kulea watoto kwa kazi ya mikono. Mzee wa namna hiyo hapa kwetu, akija kukusaidia shida yako, utampa kigoda na maji ya kunywa. Hutamsimamisha kwa kichwa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaligusa jambo hili moja kwa moja katika namba 2111. Inasema kwamba mtu anayedhani sala au ishara takatifu zinafanya kazi kwa sababu tu ya tendo la nje, bila ule moyo unaotakiwa, ameanguka katika ushirikina. Angalia vizuri: haizungumzii hapo mambo ya wapagani. Inazungumzia sala zetu wenyewe. Ushirikina unaweza kuvaa rozari. Unaweza kuwa novena ambayo mtu akiruka siku ya sita analia kwamba amepoteza yote na lazima aanze upya. Ndio ule ujumbe unaozunguka kwenye simu: sala hii haijawahi kushindwa, itume kwa watu tisa kabla ya usiku wa manane, usipotuma utapata balaa. Naomba ufute. Kila ukiupata, ufute. Bwana wetu alisema, "Nanyi mkiwa katika kusali, msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi."

Kosa hili ni la zamani. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya nne, kinaeleza jinsi Waisraeli walivyoshindwa na Wafilisti, wakaamua kuleta Sanduku la Agano vitani. Sanduku lenyewe lilikuwa takatifu kweli, hakuna kitu kitakatifu zaidi walichokuwa nacho. Lakini walilibeba kama hirizi, wakidhani Mungu sasa hana budi kupigana upande wao. Wakapigwa vibaya kuliko mwanzo, wakaanguka askari wa miguu 30,000, na Sanduku likatekwa. Nikisoma sura ile huwa naona mji wetu huu: chumvi ya baraka inayonyunyizwa kwenye fremu za biashara ili ya jirani idode, maji ya baraka yanayochanganywa na dawa ya mvuto, medali zinazoshonewa ndani ya pochi pamoja na vitu ambavyo sitavitaja. Visakramenti, yaani vitu na ishara za baraka kama hizo chumvi, maji na medali, vimetolewa na Kanisa kututayarisha kupokea neema na kutakatifuza maisha yetu. Havina nguvu ya kumlazimisha Mungu wala mnunuzi. Sheria za Kanisa, kanuni 1171, zinadai vitu vilivyobarikiwa vitendewe kwa heshima na visitumiwe isivyofaa, hata vikiwa mali ya mtu binafsi.

Kwa hiyo mwanao amesema neno kali lakini hakuwa mbali na ukweli. Tofauti ninayoiona ni hii: moyoni mwako ulikuwa unaomba. Endelea kuomba. Acha kulazimisha.

Sasa fingo. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo fedha zako ziko hatarini, na imani yako pia. Najua kabla ya kujenga wengi huzindika viwanja vyao, na wapo Wakristo wanaofanya hivyo usiku kisha asubuhi wanamwita padre abariki msingi. Inawezekana kabisa aliyewauzia alifukia kitu. Lakini wewe umebatizwa. Kitambaa, pembe au chupa iliyo chini ya udongo haina mamlaka juu ya nyumba ambayo rozari imesaliwa ndani yake, wala haiwezi kuwageuza miguu wanunuzi. Ukikiona siku moja unapochimba, kitoe bila sherehe, kichome, ufagie. Waamini wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga hadharani, vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha, na hawakumwita mtaalamu yeyote awasaidie kuvichoma. Usimlete mtu huyo. Akija atakuta fingo, maana ndiyo kazi yake kulikuta, kisha atakuta la pili chini ya kitanda, kisha atakutajia jina la aliyeliweka. Jina hilo litakuwa la shemeji au jirani, nawe utalibeba kama sumu hadi kaburini. Nimeona familia zilizoacha kuzikana kwa sababu ya jina lililotajwa hivyo. Mwite paroko wako au katekista aje aibariki nyumba. Baraka ya nyumba ni haki yako, nayo haiuzwi.

Mama, katika barua yako kuna maneno machache uliyoyapitia haraka, nami nimeyarudia zaidi kuliko mengine yote. Umesema nyumba ni ya marehemu, na umesema mwanao mkubwa bado hajaridhia. Huenda wanunuzi wanaondoka hapo. Mnunuzi makini wa Dodoma siku hizi, tangu serikali ihamie huku na viwanja kupanda bei, hatoi fedha kabla ya kufanya upekuzi wa hati. Viwanja vingi vya mji huu viligawiwa enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, kwa hiyo watu wana wasiwasi na makaratasi ya zamani. Akikuta jina la marehemu kwenye hati na hakuna msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, anarudi mjini kimya kimya. Na akisikia kwa majirani kwamba kijana mkubwa hataki, anajua kesho atapelekwa mahakamani.

Kama mirathi haijafunguliwa, ifungue. Kaeni kikao cha ukoo, muwe na muhtasari, mwende mahakamani, kisha hati ibadilishwe ofisi ya ardhi. Inachosha, na kila hatua ina gharama yake. Lakini fungu la watoto katika nyumba ile ni jambo la haki kabla halijawa jambo la biashara, na huwezi kumwomba Mtakatifu Yosefu, mlezi wa Mwana asiyekuwa wa damu yake, akusaidie kuharakisha mauzo ambayo mwanao anaona yanampokonya alama ya mwisho ya baba yake. Hujaniandikia kwa nini anakataa. Muulize, bila dalali wala shangazi kuwapo. Inawezekana akasema jambo ambalo litabadilisha bei, au litabadilisha mpango wote, na uwe tayari kulisikia.

Maandiko yanatuonyesha namna ya kuuziana. Ibrahimu aliponunua shamba la Makpela amzike Sara, alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuwa langoni pa mji. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, alitia sahihi hati, akaita mashahidi, akaamuru hati zitiwe katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Hivyo vilikuwa vitu vitakatifu vilevile, mizani na mashahidi. Wewe nawe, mteja akija, mwambie ukuta upi unapasuka masika na maji ya mvua yanapita wapi. Sala ya anayeficha ufa nyuma ya kabati sijui aielekeze kwa nani.

Basi usali vipi? Washa mshumaa mbele ya ile sanamu uliyoiosha, uwaite watoto wote, na huyo mkubwa pia, hata akisimama mlangoni kwa kinyongo. Someni sura ya pili ya Mathayo. Kisha semeni kwa maneno yenu, au hivi: Mtakatifu Yosefu, uliyeamka usiku ukampeleka Mtoto na Mama yake mahali pa usalama, tuombee katika kuhama kwetu. Tuombee mnunuzi mwaminifu na sisi tuwe wauzaji waaminifu. Kama Mungu anapenda tubaki hapa, tuombee tupate ada kwa njia nyingine, na mama yetu aliye Mpwapwa asikose wa kumtunza. Mkipenda novena, salini novena. Mkiruka siku kwa sababu ya msiba au homa, endeleeni kesho yake.

Sanamu ikiwa imepasuka au kuliwa na chumvi ya udongo kiasi cha kutofaa tena, desturi ya Kanisa ni kuichoma, au kuizika kwa heshima mahali safi pasipokanyagwa. Ikiwa nzima, hameni nayo. Na nia ya Misa unaweza kuiandikisha ofisini kwa parokia yako wiki hii: mtaje marehemu kwanza, nyumba ifuate.